Kura Huhesabu, Haijibu



Mwaka jana, katika kundi la simu la jumuiya yetu, kijana mmoja alituma shairi la kurudi nyumbani. Lilikuwa shairi la kumgusa kila aliyekaa ugenini: minazi, harufu ya mvua kwenye vumbi, mama anayengoja kizingitini. Hadi jioni lilikuwa limepata madole gumba na mioyo isiyopungua thelathini. Siku ya pili mzee wetu mmoja, mtu aliyepita miaka themanini, akalijibu. Alitunga beti nane, mizani kamili, kwa vina vilevile vya kati na vya mwisho alivyotumia kijana. Hoja yake haikuwa nyepesi kumeza. Alisema nyumba tunayoiimba haipo tena, pamejengwa ghorofa. Na kwamba anayelilia nyumbani bila kuuliza habari za waliobaki huko anajililia nafsi yake. Shairi la mzee lilipata madole mawili. Hakuna aliyelijibu.

Sisi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa wale thelathini, na hatukuwa miongoni mwa wale wawili. Tulilisoma shairi la mzee tukiwa kituoni tunangoja treni, tukaona lina neno, tukasema tutalirudia usiku. Hatukulirudia.

Mzee hakutuma shairi tena. Tulipokutana naye arusini miezi mitatu baadaye, tulimwuliza kulikoni, mbona kimya. Akacheka, akasema: "Mwanangu, mimi niliuliza. Nyinyi mkanipa matokeo."

Huenda tungeyaacha hayo yapite kama mengi yanavyopita, lakini katika mkutano wetu wa mwaka limeletwa pendekezo. Jarida hili likihamia kwenye mtandao, wasomaji wapige kura chini ya kila makala na kila shairi. Zinazopendwa zipande juu, zisizopendwa zishuke zenyewe. Walioleta pendekezo ni vijana wetu, na nia yao ni njema. Wanasema kura ndiyo demokrasia, na wanauliza kwa nini watu watatu wa kamati ndio waamue kipi kitangulie. Swali hilo ni la haki, na halijibiki kwa kusema ndivyo tulivyozoea. Kwa hiyo tumeomba nafasi tuuhakiki mfumo wa kura kama tunavyohakiki diwani: tutazame umbo lake, tuulize unasema nini, na unamfanya anayeutumia awe mtu wa namna gani. Kazi yetu ya maisha ni uhandisi. Mhandisi hujifunza mapema kwamba mashine haijui nia ya aliyeichora. Hufanya lile tu ambalo umbo lake linairuhusu kufanya.

Arudhi za mashine

Washairi wana arudhi zao, na mfumo wa kura nao una zake. Tofauti ni kwamba arudhi za ushairi ziliandikwa vitabuni, watu wakazisoma na kuzigombania. Arudhi za kura zimo ndani ya programu, na anayezifuata aghalabu hajui kwamba anazifuata.

Tuanze na Slashdot, tovuti ya mafundi wa kompyuta iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997 na Rob Malda. Watu walipokuwa wengi, maoni yakafurika na matusi yakazidi. Malda na wenzake wakabuni utaratibu. Kila maoni yalikuwa na alama kuanzia -1 hadi 5, na msomaji alichagua mwenyewe asome kuanzia alama ngapi. Lakini si kila mtu aliyeweza kutoa alama wakati wote. Mfumo uliwateua washiriki kwa zamu, ukawapa alama chache za kutumia kwa siku chache, na muda ukipita zinapotea. Aliyeshiriki katika mjadala hakuweza kuupimia mjadala huohuo. Tena ilimbidi mpimaji aseme sababu, achague neno: kwamba maoni haya yana maarifa, au yanachekesha, au ni ya uchokozi. Mwaka 1999 likaongezwa tabaka la pili, watu wa kuwapima wapimaji.

Tutazame hayo kwa jicho la mhakiki. Hapo kura ni adimu, ni kazi ya zamu, na inakuja na sababu yake. Mpimaji anafanana na mzee wa baraza aliyekabidhiwa neno kwa siku moja, na akishakabidhiwa hawezi tena kuwa mdai wala mdaiwa. Mfumo huo ulikuwa na dosari zake, lakini aliyeutunga alikuwa amekaa akafikiri kwamba kutoa hukumu ni kazi yenye wajibu.

Mwaka 2005 ikaja Reddit, nayo ikachagua njia ya mkato: kila mwanachama, wakati wowote, juu au chini, bila kutaja sababu. Programu yake ilikuwa wazi kwa umma kuanzia 2008 hadi 2017, kwa hiyo kanuni iliyopangia habari za ukurasa wa mbele inajulikana. Chukua kura za juu, toa kura za chini. Kinachobaki kitafutie logi ya msingi wa kumi. Halafu ongeza wakati habari ilipotumwa, kwa sekunde zilizogawanywa kwa 45,000.

Wasiopenda hesabu wasituache hapa, maana jambo lenyewe ni la kila siku. Kwa sababu ya logi, kura 10 za kwanza zilipandisha habari daraja moja. Daraja la pili lilihitaji kura 90 zaidi, na la tatu kura 900 zaidi. Na kwa kuwa sekunde 45,000 ni saa 12 na nusu, habari iliyotumwa saa kumi na mbili asubuhi ikapata kura 100 ilikuwa sawa na habari iliyotumwa saa kumi na mbili na nusu jioni ikapata kura 10. Maana yake ni kwamba wapita njia wa mwanzo ndio waliokuwa na uzito, na kila kitu kilianza kuzama tangu kilipozaliwa. Makala inayohitaji nusu saa kusomwa ilikuwa haijamalizwa na msomaji wake wa kwanza wakati kichekesho cha mstari mmoja kimeshakusanya kura zake kumi. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba vichekesho vitangulie. Iliamuliwa na logi, na na namba 45,000.

Kwa upande wa maoni, mwaka 2009 Reddit iliingiza utaratibu mwingine uliotokana na hesabu aliyoitoa Edwin B. Wilson mwaka 1927, ili maoni yaliyochelewa yasidhulumiwe na yaliyowahi. Ni hesabu nzuri, na kama mafundi tunaisifu. Inakadiria vizuri ni sehemu gani ya wasomaji watakaopendezwa na maoni fulani. Lakini mhakiki huuliza swali lililotangulia hilo: je, tunapokutana kujadiliana, tunatafuta kujua sehemu gani ya watu wamependezwa? Hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikawa inajibu swali ambalo hatukuliuliza.

Kura ya kwanza

Yupo atakayesema kwamba umati una akili, na kura nyingi hatimaye husahihisha makosa ya kura chache. Jambo hilo limepimwa. Mwaka 2013 Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha katika jarida la Science jaribio lililofanywa katika tovuti moja ya habari. Maoni 101,281 yalipangwa kwa bahati nasibu. Baadhi yalipewa kura moja ya juu ya bandia mara tu yalipoandikwa, baadhi kura moja ya chini, na mengi yakaachwa kama yalivyo. Msomaji wa kwanza aliyekuta kura ya juu ya bandia alikuwa na uwezekano wa asilimia 32 zaidi wa kuongeza na yake, na mwisho wa yote maoni hayo yalimaliza na alama zilizozidi kwa wastani wa asilimia 25. Kura ya chini ya bandia ilisahihishwa na wasomaji. Ya juu haikusahihishwa.

Tena mvuto huo haukuwa sawa katika mambo yote. Ulionekana katika siasa, katika utamaduni na jamii, na katika biashara. Katika habari za kompyuta haukuonekana. Huenda palipo na jambo linaloweza kuhakikishwa, watu hujiamulia wenyewe. Na huenda palipo na jambo la kuamuliwa kwa busara na mwelekeo wa moyo, humfuata aliyetangulia. Na sisi hapa jaridani hatukutani kwa ajili ya habari za kompyuta.

Mwaka uliofuata, 2014, Justin Cheng, Cristian Danescu-Niculescu-Mizil na Jure Leskovec walitoa utafiti wa jumuiya nne za mtandaoni zilizojengwa juu ya habari. Walitaka kujua kura inamfanya nini aliyepigiwa. Waliopigiwa kura za chini hawakunyamaza wala hawakujirekebisha: waliandika zaidi, waliandika vibaya zaidi, na wakaanza nao kuwapigia wengine kura za chini. Waliopigiwa kura za juu hawakuandika vizuri zaidi kwa sababu ya kura hizo. Na walioelekea zaidi kuondoka kabisa walikuwa wale ambao hawakupata chochote.

Tulipolisoma hilo tulimkumbuka mzee wetu. Hatukumtukana wala hatukumpinga. Tulimpita tu.

Hapa tuseme na jambo la simu. Facebook ilileta kitufe cha dole gumba mwaka 2009, na WhatsApp ikaruhusu kubandika emoji juu ya ujumbe wa mtu mwaka 2022. Kabla ya hapo, aliyependa shairi kundini ilimlazimu atume chake mwenyewe, hata kama ni neno moja la ahsante, nacho kikaonekana na wote katika mfuatano wa mazungumzo. Neno moja huweza kuvuta la pili. Dole lililobandikwa pembeni halivuti kitu. Tumepunguziwa kazi ya kuandika "ahsante, lakini", na katika hiyo "lakini" ndimo mjadala ulimokuwa ukianzia.

Tulivyokuwa tukijibizana

Waswahili tumejadiliana kwa maandishi na kwa midomo tangu zamani, na mtindo wetu mkubwa umekuwa kujibizana kwa shairi. Mwanzoni mwa karne ya 19, zama za vita vya Shela, Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu, akiwamo Bwana Zahidi Mngumi, walirushiana mashairi miji yao ikiwa katika uadui. Karne iliyofuata mambo yakahamia magazetini. Mambo Leo, gazeti lililoanza Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi kurasa zake. Mtu akifunga fumbo, mwenziwe wa mji mwingine akilifungua, wa tatu akisema umelifungua vibaya.

Arudhi ya kujibizana ni moja, na ndiyo iliyobeba utamaduni mzima: ukitaka kujibu, tunga. Aliyetaka kumshinda Muyaka alihitaji kwanza kulishika shairi la Muyaka, ajue vina vyake, ajue neno lililofichwa ndani ya neno. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake bila kukaa nyumbani mwake kidogo. Jibu liligharimu siku mbili tatu, na katika siku hizo hasira ilipata muda wa kupoa na hoja ikapata muda wa kuiva. Hata tusi lilikuwa tusi lililofikiriwa.

Mfano mkubwa wa hayo ni mgogoro wa ushairi. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichoweka wazi kanuni za vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyozifuata kanuni hizo. Ugomvi ukawaka. Watetezi wa arudhi walisema Uswahili wa shairi umo ndani ya vina na mizani, na asiyeviweza asijifiche nyuma ya jina la usasa. Upande wa pili ulisema vina ni vazi, si mwili, na kwamba ushairi wa Mwafrika una chimbuko pana kuliko arudhi. Mwaka 1979 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakaieleza hoja hiyo kwa kirefu na kuweka mashairi yao wenyewe mezani yapimwe.

Tufikirie sasa Kichomi kingetokea chini ya mfumo wa kura. Wapenzi wa ushairi wa siku hizo walikuwa wamelelewa kwa vina na mizani, nasi tukiwa watoto wa shule tulikuwa hivyohivyo. Tunadhani kura kumi za kwanza zingekuwa za kushusha, na mashairi hayo yangekunjwa chini kabisa, mahali pa kubonyeza ndipo yaonekane. Kezilahabi angekuwa ameshindwa bila kujibiwa. Lakini tuone na hasara ya upande wa pili, maana hiyo haisemwi: wakongwe wa arudhi wangekuwa wameshinda bila kueleza chochote. Wasingelazimika kusema vina vinafanya kazi gani katika shairi, mizani inampa nini msikilizaji. Pande zote mbili zilifaidika kwa kulazimishwa kusema kwa nini. Leo wanafunzi Kenya na Tanzania wanasoma shairi la arudhi na shairi huru katika darasa moja. Kezilahabi aliendelea na Karibu Ndani mwaka 1988 na Dhifa mwaka 2008, akafariki mwaka 2020, na wasiokubaliana naye hata leo wanajua hasa wasichokubaliana nacho.

Kutunza

Wala tusiseme kwamba kwetu hakukuwa na kura. Nani katika sisi hajaona kutunza? Taarabu inapigwa, mwimbaji anafika kwenye mstari wenye ncha, na mama mmoja anainuka kitini. Haendi mbio. Anacheza polepole hadi mbele, noti mkononi, anaipeleka kwa mwimbaji huku jicho lake limeelekea pembe fulani ya ukumbi. Ukumbi mzima umeshaelewa. Hiyo ni kura, tena ya wazi kuliko ya Reddit.

Lakini tutazame umbo lake. Imemgharimu pesa. Ina uso, kila mtu amemwona aliyeitoa. Imefungwa kwenye mstari mmoja, si wimbo mzima, kwa hiyo inasema ni neno gani hasa lililomgusa. Na anayekusudiwa yumo ukumbini, anaweza naye kuinuka mstari unaofuata akatunza na yeye, na huo ndio mwanzo wa jibu. Zaidi ya yote, noti ya yule mama haiuhamishi wimbo mahali pake. Wimbo unaendelea hadi mwisho, aliyetunzwa na asiyetunzwa wote wameusikia.

Kwa hiyo si kweli kwamba kura yenyewe ndiyo inayoharibu mazungumzo. Kinachoharibu ni kura isiyo na gharama, isiyo na uso, isiyo na sababu, iliyopewa uwezo wa kuficha. Ukiyaunganisha hayo manne, umejenga mashine ya kuwanyamazisha wachache kabla hawajasikika.

Haki ya wanaotaka kura

Tusiwe waamuzi wa upande mmoja. Vijana wetu wana hoja tatu ambazo lazima zijibiwe.

Ya kwanza, zamani hizo tunazozisifu zilikuwa na mlinzi mlangoni. Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na mhariri ndiye aliyeamua lipi litoke. Wangapi waliandika yasitoke, hatutawajua kamwe. Hili ni kweli, na kamati yetu ya watu watatu nayo ni mlango. Ya pili, kujibu kwa shairi kunahitaji ustadi. Asiyejua kutunga, au aliyezaliwa huku na Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama, hana njia ya kuingia. Dole gumba limempa njia. Ya tatu, kura zinafanya kazi. Kila mwandika programu duniani amewahi kuokolewa na Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, ambapo majibu hupangwa kwa kura.

Hii ya tatu tunaijua vizuri, maana sisi wenyewe tumekula matunda yake. Lakini Stack Overflow inafanya kazi kwa sababu kuna hakimu nje ya kura. Mtu akisema andika hivi, ukaandika, programu ama itakwenda ama haitakwenda. Kura ya uongo inaumbuliwa kesho yake. Shairi la mzee wetu halina jaribio la namna hiyo. Na hata pale, watunzi waliona hatari: anayelipigia jibu kura ya kushusha hukatwa pointi moja yake mwenyewe. Hacker News, iliyoanza mwaka 2007, iliacha mwaka 2011 kuonyesha hadharani idadi ya kura za kila maoni. YouTube iliificha hesabu ya madole ya chini mwaka 2021. Wenye mashine wenyewe wamekuwa wakirudi nyuma hatua kwa hatua, kila mmoja akirekebisha kasoro yake. Sisi tusiwafuate mahali ambapo wao wanaondoka.

Hoja ya kwanza na ya pili hatuna la kuzipinga. Tunazikubali, na pendekezo letu hapa chini limejengwa juu yake.

Sanduku na shairi

Kabla ya hapo, mfano mmoja wa mwisho. Katikati ya miaka ya 1970 kisiwani Lamu kulikuwa na uchaguzi wa ubunge uliogawa watu, na kampeni yake ikapiganwa kwa mashairi ya kujibizana yanayojulikana kama Kimondo. Yalirekodiwa katika kanda za kaseti, yakapita nyumba kwa nyumba. Shairi lilipotoka upande mmoja, upande wa pili ulijibu.

Tunapenda kuukumbuka uchaguzi huo kwa sababu mambo mawili yalikuwa kila moja mahali pake. Sanduku lilikuwa la kuhesabu na kaseti ilikuwa ya kujibu. Hakuna aliyedhani kwamba kwa kuwa fulani ana wafuasi wengi basi shairi la mpinzani wake lisisikilizwe, au lisikilizwe mwisho watu wakiwa wameshalala. Watu walisikia pande zote mbili kwanza, kisha wakahesabiwa. Mfumo wa kura wa mtandaoni umegeuza mpangilio huo: watu wanahesabiwa kwanza, na hesabu ndiyo inayoamua nani atasikika.

Mkutano ukipiga kura mwisho wa siku, ni sawa. Lazima jumuiya ifikie uamuzi juu ya ada, juu ya ukumbi, juu ya nani awe katibu. Lakini shairi na makala si ada.

Tunachopendekeza

Kwanza, jarida likihamia mtandaoni, makala na mashairi yapangwe kwa tarehe, na jibu liwekwe chini ya kile kinachojibiwa, hata likija mwaka mmoja baadaye. Ukurasa wa jarida usizame kwa saa.

Pili, msomaji akitaka kusifu au kulaumu, aandike jina lake na sentensi moja, ataje ni mstari upi au hoja ipi. Sentensi ya Kiswahili cha jikoni ipokelewe sawa na beti nane. Hiyo itakuwa kutunza kwetu. Asihesabiwe, na sentensi yake isihamishe kitu mahali pake.

Tatu, na hili ndilo jibu letu kwa swali la vijana juu ya kamati: kila toleo, wasomaji wawili wateuliwe kwa kura ya bahati wakae na kamati, wasome yote yaliyoletwa, na makala inayokataliwa iandikiwe sababu. Mlango utabaki, lakini mlinzi atakuwa wa zamu.

Haya yatatuongezea kazi. Yatahitaji mtu wa kuandika sababu, na mtu wa kuzisoma. Vijana watasema ni polepole, na ni kweli ni polepole.

Ama kuhusu mzee wetu, tumemwomba idhini ya kuchapa beti zake nane katika toleo lijalo, ukurasa mmoja na shairi la kijana. Kijana amekubali mara moja. Mzee amekubali kwa sharti kwamba safari hii ajibiwe, "hata kwa kunitukana, maadamu mizani imetimia." Nasi tumeona haya kulipeleka sharti hilo kwa wengine kabla ya kulitimiza wenyewe, kwa hiyo tumeanza kutunga. Tulikusudia kumpinga. Tumefika ubeti wa tatu na tumekwama, maana kila tukitafuta kina cha kumrudishia tunakuta neno lake ndilo lililokaa pale, na tunaanza kuona alichokuwa akituambia tangu mwaka jana tulipokuwa kituoni tunangoja treni.

Nafasi iko wazi kwa atakayetangulia. Majibu yaletwe kwa kamati, kwa shairi au kwa nathari.

Wasalaam.